KUWEKA SI KUTUNZA

Katika nyumba nyingi za wazee wetu, mjini na mashambani, kipo chumba kimoja kisichofagiwa. Humo hutiwa vitu visivyo na kazi tena, walakini hakuna mwenye moyo wa kuvitupa: cherehani iliyokatika mkanda, redio ya betri, taa ya karabai isiyo na kioo. Na katika nyumba kadha wa kadha za Morogoro, na za vijiji vilivyo katika milima ya Uluguru, nyuma ya magunia, husimama pikipiki kuukuu.

Habari za pikipiki za namna hii hufanana. Ilinunuliwa na babu au mjomba, enzi ambapo mwenye chombo cha moto alijulikana tarafa nzima. Ikamtumikia miaka mingi. Kisha siku moja kifaa kimoja kikavunjika, wala hakikupatikana kingine. Mwenyewe akaisukuma hata ghalani, akasema ataitengeneza akipata kipuri. Imepita miaka thelathini, pengine arobaini. Yeye amezeeka au amefariki, na sasa watoto na wajukuu wanaulizana: Tuifanyeje? Mnunuzi wa vyuma chakavu amekwisha fika na mizani yake. Kijana mmoja wa nyumbani anasema ifufuliwe. Mwingine anacheka, akisema kwamba fedha za kuifufua zatosha kutafuta mpya.

Twaona kwamba swali hili si dogo kama lionekanavyo. Ndani yake mna wajibu wetu juu ya vitu tulivyoachiwa, wajibu wetu juu ya watu waliotuachia, na matumizi ya haki ya fedha zetu. Kwa hiyo twapenda leo kulipima pamoja na wasomaji wetu.

Chombo na kazi yake

Kwanza yafaa tukumbuke chombo hiki kilikuwa nini. Watu wetu hawakungoja kamusi iwape jina; walisikiliza mlio wa injini, wakaiita pikipiki. Katika siku za utawala wa Waingereza nyingi zilitoka kwao, na moja ya majina yaliyojulikana sana ni BSA, kiwanda cha mji wa Birmingham kilichoanzishwa mwaka 1861 kwa kutengeneza bunduki, kikaingia katika kazi ya pikipiki mwaka 1910. Mwaka 1948 kiwanda hicho kilitoa pikipiki ndogo iitwayo Bantam. Asili yake ni ya ajabu. Mchoro wake ulikuwa wa Wajerumani wa kampuni ya DKW, ukachukuliwa kuwa fidia baada ya Vita Vikuu vya Pili. Mchoro huo huo ulifuatwa na Warusi, na Wamarekani wa Harley-Davidson, na Wajapani wa Yamaha, ambao pikipiki yao ya kwanza, ya mwaka 1955, ni ndugu wa Bantam. Mataifa yaliyokuwa yakipigana jana yalikula katika sahani moja ya maarifa.

Basi mtu asemaye kwamba hicho ni chuma tu, hajakitazama vema. Ndani ya chuma hicho mna akili ya watu wengi ambao hatukuwaona wala hatutawaona.

Tena tukumbuke kazi iliyofanya. Milima ya Uluguru hupanda zaidi ya mita 2,600 juu ya bahari. Mtu aendaye Mgeta au Nyandira, Kinole au Matombo, ajua maana ya njia ya mlimani wakati wa masika: udongo mwekundu unaoteleza, mifereji iliyochimbwa na mvua, kona isiyoonyesha kilicho mbele. Katika njia hizo pikipiki ilimchukua mwalimu, mganga wa zahanati, bwana shamba na padre. Safari ya siku nzima kwa miguu ikawa safari ya saa chache, na mara nyingine saa hizo chache ndizo zilizokuwa kati ya mgonjwa na dawa yake. Mwaka 1927 Padre Paul Schulte wa Ujerumani alianzisha chama cha MIVA, cha kuwapatia wamisionari vyombo vya usafiri, kwa sababu rafiki yake, Padre Otto Fuhrmann, alikuwa amefariki katika nchi ambayo leo ni Namibia, mbali na msaada wa daktari. Huyo alijua thamani ya gurudumu kwa kufiwa na rafiki.

Kwa nini ililala

Vijana wengine huwalaumu wazee kwamba waliacha mali ikaoza kwa uvivu. Lawama hiyo si ya haki. Miaka ambayo pikipiki nyingi zililazwa ilikuwa miaka migumu kwa Tanzania nzima. Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 vilikula mali ya taifa. Bei ya mafuta ilipanda duniani. Fedha za kigeni zikawa haba. Mtu aliweza kuwa na shilingi mkononi, akazunguka madukani kutwa, asipate ringi za pistoni wala mnyororo wala tairi. Hali ilianza kulegea tangu mwaka 1984, wakati watu waliporuhusiwa kuleta bidhaa kwa fedha zao wenyewe. Walakini bidhaa zilizoingia zilikuwa za pikipiki mpya za Kijapani. Kiwanda cha BSA kilikuwa kimekwisha anguka zaidi ya miaka kumi kabla. Aliyengoja kipuri alikuwa akingoja barua kutoka kwa marehemu.

Kwa hiyo hatuwahukumu waliyoiweka. Hata hivyo twataka kusema neno moja ambalo ndilo kiini cha makala hii: kuweka si kutunza.

Wengi hudhani kwamba chombo kisichotumiwa hakichakai. Sivyo. Petroli iliyoachwa tangini hukauka polepole, ikabaki utando wa kunata kama ulimbo, nao huziba vijitundu vya kabureta. Hewa ya Uluguru, hasa upande wa mashariki ambako mvua itokayo baharini hupiga milima, ina unyevu mwingi. Unyevu huo huingia katika silinda, ringi zikashikana na chuma kwa kutu, hata injini isizunguke kabisa. Platini, zile ncha mbili ndogo zinazosaidia kuleta cheche, hufanya ukungu. Mipira ya magurudumu hupasuka bila kutembea hata kilomita moja. Panya huzaa ndani ya kiti. Hakuna aliyeiharibu pikipiki hiyo. Iliharibiwa na mtu aliyefunga mlango akaamini kwamba kufunga mlango kumetosha.

Tena kutunza hakukuhitaji fedha nyingi. Kumwaga petroli yote, kutia oili kidogo katika silinda kwa tundu la plagi na kuizungusha injini kila baada ya miezi kadhaa, kupaka grisi palipo wazi, kuinua magurudumu yasiguse chini, kufunika kwa kitambaa kipitishacho hewa: hayo yote ni kazi ya alasiri moja.

Nchi yetu ina mfano mkubwa wa jambo hili. Mwaka 1913 meli iitwayo Graf von Götzen ilijengwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa kwa bahari na kwa reli ile ile ipitayo Morogoro, ikaunganishwa Kigoma. Vita vikaja. Tarehe 26 Julai 1916 Wajerumani, wakiona wameshindwa, waliizamisha katika Ziwa Tanganyika ili adui asiipate. Lakini mafundi walioamriwa kuizamisha waliipaka mitambo yake grisi nene kwanza. Mwaka 1924 Waingereza waliiopoa, wakaikuta mitambo ingali yafaa. Na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, ikawachukua abiria na mizigo ya ziwa lile kwa miaka mingi mno. Tufikiri jambo hili. Meli iliyolala chini ya maji miaka minane iliamka, na pikipiki iliyolala chini ya bati imekufa. Waliozamisha meli walikuwa wakiifikiria kesho yake.

Kadhalika sote twamkumbuka yule mtumishi wa Injili aliyeizika talanta ya bwana wake. Hakuiba wala hakuitapanya. Aliirudisha kama alivyopewa, naye akahukumiwa. Kosa lake ni kwamba aliweka.

Mikono iliyowekwa ghalani

Hata hapa tumesema juu ya chuma. Lakini kilichotufanya tushike kalamu si chuma.

Pikipiki ya zamani haitengenezwi kwa vipuri pekee. Yahitaji mtu ajuaye kusikia cheche inapochelewa, ajuaye kupima nafasi ya platini kwa jicho na kwa karatasi nyembamba, ajuaye magneto ni nini na kwa nini haihitaji betri. Watu hao wapo. Katika Morogoro na vitongoji vyake wako wazee waliofanya kazi hiyo katika karakana za serikali, za mashamba ya mkonge, za reli na za misioni. Leo wengi wao huketi barazani. Hakuna awaulizaye neno. Vijana wa bodaboda hupita mbele yao kwa pikipiki za Kihindi na za Kichina, nao wazee husikia kwa mlio tu kwamba injini ile ina kasoro. Lakini hawaitwi, nao hawajitokezi.

Hao nao tumewaweka, hatukuwatunza. Twawapa chakula, twawapa kiti cha kukalia, twawaamkia shikamoo asubuhi, kisha twafunga mlango. Na kutu ya mwanadamu ni mbaya kuliko ya chuma, kwa sababu chuma chaweza kungoja. Pikipiki iliyokaa miaka arobaini yaweza kukaa mingine mitano. Mzee wa miaka themanini hawezi. Siku atakapozikwa, maarifa yake yatazikwa pamoja naye, na hakuna nchi yoyote tutakakoweza kuyaagiza.

Mji wa Morogoro wenyewe ulipata funzo chungu juu ya jambo hili. Katika miaka ya 1970, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kilianzishwa humo kiwanda kikubwa cha viatu, kilichotazamiwa kuuza viatu hata Ulaya. Mashine zilikuwa mpya kabisa. Walakini hakikupata kufikia hata sehemu ya kumi ya uwezo wake, na mwaka 1990 kilifungwa. Sababu ni nyingi: vipuri, ngozi, usimamizi, mipango iliyofanywa mbali. Lakini mwananchi wa kawaida aweza kujifunza jambo moja: mashine mpya isiyo na watu wa kuijua na kuitunza yazeeka haraka kuliko mashine kuukuu iliyo mikononi mwa ajuaye.

Kwa hiyo jibu letu kwa nyumba ile inayoulizana ni hili: Ndiyo, ifufueni, maadamu kazi hiyo itamweka mzee na kijana kwenye benchi moja. Faida ya kwanza ya kufufua pikipiki si pikipiki. Ni zile jioni ambazo mjukuu atashika taa na babu ataelekeza kwa kidole.

Namna ya kuifanya kwa haki

Lakini jambo jema laweza kufanywa vibaya. Kwa hiyo twatoa mashauri manne.

La kwanza ni saburi. Fundi mwema haanzi kwa kupiga kiki. Huondoa plagi, akamimina oili nyepesi katika silinda, akaiacha siku kadhaa. Kisha hutia gia ya juu, akalitikisa gurudumu la nyuma kidogo kidogo, mbele na nyuma, hata pistoni iachilie yenyewe. Atumiaye nguvu huvunja kilichokuwa kizima. Kila bolti aifunguayo huitia katika kopo lake, na kuandika ilikotoka. Kijana aliyezoea kupata kila kitu kwa kubonyeza kidole atachoka siku ya kwanza. Na achoke, saburi ni nusu ya ujuzi anaojifunza.

La pili ni haki. Kabla ya kugusa spana, ijulikane pikipiki ni ya nani. Kwa desturi ya Waluguru ukoo huhesabiwa upande wa mama, na mjomba ana neno kubwa. Kwa hiyo mwana aweza kudhani kitu cha baba ni chake, na wapwa wakadhani vingine. Tumeona katika nyumba nyingi kwamba kitu ambacho hakuna aliyekitaka kikiwa na kutu, kila mtu ana haki nacho kikiisha kung'aa. Basi kikao kikae mapema; ikiwa mwenyewe amefariki, apatikane msimamizi wa mirathi kwa njia ya mahakama; itafutwe kadi ya pikipiki, namba za chasisi na za injini zilinganishwe nayo. Tena mzee aelekezaye na fundi afanyaye kazi walipwe. Si haki kumwita mtu "mzee wetu" ili asidai ujira wake.

La tatu ni ukweli. Plutarch, mwandishi wa Kigiriki wa kale, asimulia kwamba Waathene walihifadhi jahazi la shujaa wao Theseus, wakitoa kila ubao uliooza na kutia mpya, hata wenye hekima wakabishana: Je, hilo ni jahazi lile lile, au ni lingine? Liemba yetu nayo iliondolewa injini za mvuke katika miaka ya 1970, ikatiwa za dizeli. Nasi twasema hivi: kitu hubaki kile kile kwa kadiri ambavyo wenye kukitunza husema kweli juu yake. Kila kipande kilichobadilishwa kiandikwe katika daftari. Pale rangi ya tangi ilipolika kwa magoti ya babu, pasifutwe kwa msasa ili tu ing'ae. Na ikiwa siku moja itauzwa, mnunuzi aambiwe kipi ni cha asili na kipi si cha asili. Kubandika namba ya injini moja juu ya nyingine ni uongo, tena ni kosa la jinai.

La nne ni kiasi. Huko Nairobi, tangu mwaka 1970, hufanywa mashindano yaitwayo Concours d'Elegance, ambako magari na pikipiki hukaguliwa na waamuzi kwa usafi na uzima wake. Hatuoni ubaya wa mtu kufurahia kazi njema ya mikono. Lakini ikiwa nyumbani kuna mtoto aliyefukuzwa shule kwa kukosa sare na daftari, au mgonjwa asiye na dawa, fedha zianzie hapo. Pikipiki iliyopakwa grisi itangoja. Mtoto na mgonjwa hawangoji. Mwenye kuwasahau wa nyumbani kwake kwa ajili ya chuma, amegeuza kumbukumbu kuwa sanamu.

Na tuongeze neno juu ya roho za watu. Breki za pikipiki ya mwaka 1950 hazikufanywa kwa mwendo wa barabara za leo, na taa yake humulika kwa shida. Ikiisha kupona, isiende kubeba abiria kwa malipo wala kushindana na mabasi katika barabara kuu. Iendeshwe polepole, mchana, na mtu aliyevaa kofia ya chuma. Aliyeipenda hataitaka imuue mjukuu wake.

Kwa wale wasioweza

Yamkini msomaji mmoja atasema: Hayo ni mazuri, lakini kwetu hakuna fedha, wala kijana anayetaka, na mzee mwenyewe amekwisha kwenda. Huyo hatumlaumu. Si kila kitu kilichokufa chapaswa kufufuliwa, na chuma kinachoyeyushwa kikawa jembe hakikupotea. Twamshauri mambo mawili tu. Asiiuze kwa kilo kabla ya kuuliza kama yuko fundi, au chuo cha ufundi, ambaye angeifanya kitabu cha kufundishia vijana. Injini mbovu iliyofunguliwa mezani hufundisha kuliko picha kumi. Na kabla haijaondoka, akae na wale waliomjua mwenyewe, ayaandike waliyoyajua: alikwenda nayo wapi, alimpeleka nani hospitali, nani alizaliwa salama kwa sababu injini iliwaka usiku ule.

Wasomaji wetu, wiki hii fungueni ghala. Kabla ya kutazama kilichomo, mwiteni mzee aliyekiweka, ikiwa yu hai, mkamletee kiti karibu. Mwulizeni kilisimama kwa sababu gani. Kama mwaweza kukitengeneza, anzeni angali na pumzi ya kuwasahihisha. Na kama hamna nia ya kukitengeneza, mpeni anayeweza. Maana kumnyima mwenye mikono kitu tusichokitumia sisi wenyewe si heshima kwa mzee, wala si heshima kwa marehemu.